Amri ya kukata inaikataa ruwaza: hadi lini tutaendelea kuvunja michoro yetu kwa mkono?

Ndugu wachoraji wenzangu,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Nimepoteza siku mbili kwa kazi ambayo programu ya uchoraji ninayoilipia kila mwaka ilipaswa kuimaliza kwa amri moja, yaani kukata ruwaza ya pembesita zinazojirudia ili ziishie kwenye mstari wa duara.

Kazi yenyewe ni hii. Katikati ya bamba la chuma kuna eneo la duara lenye kipenyo cha milimita 900, linalotakiwa kutobolewa matundu ya pembesita yenye upana wa milimita 12, huku kati ya tundu na tundu kukiachwa milimita 3. Nilichora pembesita mbili zilizopishana, nikazirudufu kwa safu hadi zikafunika mraba wote unaolizunguka duara, na hapo hupatikana pembesita zaidi ya 4,100. Karibu 800 ziko nje kabisa, hizo ni za kufuta tu. Takriban 190 zinapitiwa na mstari wa duara, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi.

Ukiielekeza amri ya kukata kwenye ruwaza hiyo, hakuna kinachotokea, wala hupewi ujumbe wa kukueleza sababu. Programu inaihesabu ruwaza nzima kuwa kitu kimoja kilichofungwa, kama bloku (maumbo yaliyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja), na amri ya kukata haiingii ndani yake. Kila unayemuuliza atakuambia uivunje kwanza, yaani uitenganishe iwe maumbo mojamoja. Nimeivunja. Kilichobaki ni maelfu ya pembesita zisizojuana, na kila unayoikata inabaki wazi upande mmoja, kwa kuwa amri huondoa mistari iliyozidi bila kuchora tao linalopaswa kuziba pengo. Mashine ya leza itakayotoboa bamba inataka njia iliyofungwa, yaani mstari unaorudi ulikoanzia. Kwa hiyo nililikata duara vipande vipande, nikaunganisha kila tao na pembesita yake, mara 190. Nilipomaliza, mteja aliomba nafasi iongezwe kutoka milimita 3 hadi 4, ombi la haki kabisa, na kazi yote ikawa bure, kwa sababu ruwaza iliyovunjwa haikumbuki tena nafasi wala idadi ya safu zake.

Wapo wanaoshauri kuweka kifuniko juu ya sehemu zilizozidi, au kuigeuza ruwaza kuwa bloku na kuificha ziada kwa mpaka. Kwa karatasi itakayochapishwa, sina ubishi. Lakini kilichofichwa hakijakatwa, na nilipoihamisha faili kwenda kwenye programu ya mashine, pembesita zote zilijitokeza tena zikiwa nzima. Ujazo wa ruwaza, yaani amri ya kujaza eneo kwa michoro inayojirudia, ambao kwa kweli huishia vizuri kwenye mpaka, ukiuvunja unakupa mistari mifupi isiyoungana.

Njia iliyonivusha ni kuzigeuza pembesita zote kuwa maeneo (maumbo ambayo programu huyahesabu pamoja na sehemu yake ya ndani, si mistari tu), kuziunganisha ziwe eneo moja, kisha kutafuta makutano yake na eneo la duara, yaani sehemu iliyomo katika yote mawili. Matokeo yalikuwa sahihi, na mipaka yote ilifungwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, kwa sababu ina maana programu inajua hesabu hiyo na inaifanya kwa muda mfupi, ila haikuunganishwa na amri ya kukata. Tena si hesabu ngeni. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alionyesha mwaka 1963, katika programu yake ya uchoraji ya Sketchpad, jinsi nakala nyingi zinavyoweza kufuata umbo moja la asili, na mwaka 1974 yeye na Gary Hodgman walichapisha namna ya kukata poligoni (umbo la pande nyingi) kwa mpaka na kupata poligoni iliyofungwa. Mambo haya mawili yamekuwapo kwa miongo mingi, na bado tunalazimishwa kuchagua kati ya ruwaza inayojirekebisha na ruwaza iliyokatwa.

Ninachodai ni mpaka uwe sehemu ya ruwaza yenyewe, kama zilivyo nafasi na idadi ya safu, ili nikibadilisha nafasi, ukataji ufanyike upya. Kila umbo linalogusa mpaka lipewe kanuni ninayoichagua mimi: likatwe, liondolewe, au libaki zima. Pia kuwe na kiwango cha chini cha ukubwa, kwa sababu makutano yale yaliniachia vipande vyembamba chini ya milimita moja, ambavyo hakuna fundi wa leza atakayekubali kuvikata, na nilivitafuta kwa macho, kimoja baada ya kingine.

Nimewaandikia watengenezaji mara mbili. Jibu la kwanza lilinielekeza kuivunja ruwaza. La pili lilikuwa nakala ya lile la kwanza. Kama kuna mwenzetu aliyeweza kukata ruwaza bila kuivunja, na bado akaweza kubadilisha nafasi baadaye, naomba aeleze hapa hatua alizofuata.