Mbu, mifugo na jamii: tukichangia gari moja tunaanzia wapi?

MtegoWaTaa
Wakuu, habari za jioni. Nafanya utafiti wa mbu wa homa ya Bonde la Ufa, ile inayoshika mifugo na watu, huku Dodoma. Mradi wetu uliishi kwa fedha za Marekani. Januari 2025 misaada iliposimamishwa tukaambiwa tusubiri, na kufikia Julai 1 USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ilishafunga. Nimebaki na mitego 12 ya taa, dizeli sina. Rafiki yangu daktari wa mifugo ana gari la mradi wake mpaka Machi. Dada mmoja wa sosholojia ana wasaidizi wawili wanaojua Kigogo na Kimaasai. Tunataka kuungana. Mvua zinakaribia, na mayai ya Aedes, aina ya mbu wanaobeba ugonjwa huu, yamelala kwenye udongo mkavu wa mbuga, mengine yana virusi tayari. Maji yakijaa yanaanguliwa. Msimu huu ukinipita nitaumia sana.

MzeeWaJosho
Kijana wangu, mwaka 2007 ugonjwa huu ulipoingia nilikuwa kazini. Sisi tuliona kondoo na mbuzi wakitupa mimba, wenzetu wa hospitali wakaona watu wanatoka damu. Kila upande na faili lake. Basi msichangie gari tu. Mitego itegwe kwenye boma lile lile linalotolewa damu ya mifugo, usiku wa siku hiyo hiyo, na boma liwe na namba moja kwenye karatasi zenu zote.

BintiWaUwandani
Shikamoo mzee. Kaka, huyo dada msimfanye mkalimani. Dodoso la mradi niliokuwamo lilimtaka "mwenye mifugo", akajibu baba. Kumbe anayekamua ni mama, na anayeokota kondo la mbuzi aliyetupa mimba ni mama au watoto, kwa mikono mitupu. Virusi viko hapo! Kuwauliza wao hakuongezi hata shilingi. Halafu kibali cha kuhoji na kupima watu kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ombeni leo.

MtegoWaTaa
Shikamoo mzee. Dada, asante sana. Namba moja ya boma sikuiwaza kabisa. Linalotusumbua sasa ni makala: jina la nani litangulie? Idara yangu inahesabu jina la kwanza tu.

BintiWaUwandani
Sisi tuliandika kabla gari halijawashwa: makala ya mbu anatangulia wa mbu, ya mifugo wa mifugo, ya pamoja anatangulia aliyeandika rasimu. Tukasaini wote watatu, kila mtu akabaki na nakala yake.