Kiungulia cha muda mrefu: mchana nafuu, usiku kinarudi

Mkesha:
Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Kwa muda mrefu nimesumbuliwa na kiungulia kinachoanzia chembe ya moyo na kupanda hadi kooni. Nikilala, maji makali hunirudia mdomoni hadi nakurupuka usingizini nikikohoa. Daktari aliniandikia omeprazoli, nami huimeza ninapopanda kitandani, kwa kuwa usiku ndio unaonitesa zaidi. Mchana nina nafuu kiasi, ila usiku mambo ni yaleyale, na kila nikiiacha dawa kiungulia hurudi kwa kishindo. Je, tumbo langu linatengeneza asidi kupita kiasi, au hivi ndivyo vidonda vya tumbo?

Mfamasia wa Zamu:
Ndugu Mkesha, watu wengi wenye tatizo hili hawana asidi nyingi kuliko wengine. Shida yao ni kwamba asidi iko mahali isipotakiwa. Chini ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni, pale unapoungana na tumbo, kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kipite na kisha kujifunga. Msuli huo ukilegea mara kwa mara, au sehemu ya juu ya tumbo ikipenya kwenye kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na kuingia kifuani, asidi hupanda na kuunguza umio, ambao hauna utando wa kinga kama ule wa tumbo.

Sasa tuje kwenye saa ya kumeza dawa, maana hapo ndipo ninapopatilia shaka. Omeprazoli haizimui asidi iliyokwisha kumwagika, bali hufunga vijipampu vinavyoitoa kwenye ukuta wa tumbo, na hufunga vile tu vinavyofanya kazi. Vijipampu hivyo huamshwa na chakula. Ukiimeza wakati wa kulala na usile kitu baada yake, sehemu kubwa ya dawa huondoka mwilini kabla ya kukuta cha kufunga. Kwa kawaida humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, mara nyingi ule wa asubuhi, na huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake kamili.

Kuhusu kurudi kwa kishindo, tumbo lililozuiwa kwa muda mrefu huweza kutoa asidi nyingi kuliko awali kwa wiki kadhaa baada ya dawa kukatwa ghafla. Kwa hiyo kiungulia hicho pekee hakithibitishi kwamba utaitegemea dawa maisha yako yote. Zungumza na daktari juu ya kupunguza dozi hatua kwa hatua, huku ukipoza siku ngumu kwa dawa ya kuzimua asidi.

Bi Mstahimilivu:
Mimi si mtaalamu, ila nimeishi na hali hii miaka mingi, na usiku wangu ulibadilika nilipoinua kitanda chenyewe. Weka vipande imara vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, ili kiwiliwili chote kiinamie miguuni. Kurundika mito hakusaidii hivyo, kwa sababu mito hukukunja kiunoni na kulibana tumbo, jambo linaloweza hata kuongeza shida. Lalia ubavu wa kushoto, na mlo wa mwisho uwe umemalizika muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala. Kama mwili umeongezeka uzito, kupungua husaidia kweli, na mkanda usikazwe.

Zile orodha ndefu za vyakula vilivyopigwa marufuku zinanichosha, maana humwacha mtu na njaa na woga. Andika ulichokula na saa kiungulia kilipoanza, kisha uache kile tu ambacho daftari limekishtaki mara kwa mara.

Muuguzi Mkongwe:
Naongezea kuhusu vidonda vya tumbo, kwa kuwa watu huita kila maumivu ya tumbo kwa jina hilo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, na bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au pumzi. Dalili zako zinaelekea zaidi kwenye umio, lakini kwa maandishi tu hakuna awezaye kukuhakikishia.

Usisubiri ukiona chakula kinakwama kikishuka, unakonda bila sababu, unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Hapo umio na tumbo huhitaji kuchunguzwa kwa mrija wenye kamera. Na maumivu ya kifua yanayobana, yakienda mkononi au kwenye taya, au yakiambatana na jasho na kukosa pumzi, yachukulie kuwa ya moyo na uwahi hospitali mara moja.

Mkesha:
Nashukuru sana nyote. Dalili hizo za hatari sina. Natumia pia nifedipini kwa ajili ya shinikizo la damu. Je, ina uhusiano wowote?

Mfamasia wa Zamu:
Inaweza kuwa nao. Nifedipini hulegeza misuli ya mishipa ya damu, na huweza kuulegeza pia ule msuli wa umio. Usiiache mwenyewe hata kidogo, kwa kuwa shinikizo likipanda ni hatari kubwa kuliko kiungulia. Mweleze daktari aliyekuandikia kwamba una tatizo hili, aamue kama kuna dawa nyingine inayokufaa, na uende na orodha ya dawa zako zote, pamoja na zile unazojinunulia bila cheti.