Tupeane uzoefu: Udongo wa bustani yako ya nyumbani uliutoa wapi?

Mwanzisha mada, Himbi, Goma

Ndugu na dada zangu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, pamoja na wengine wote mnaolima uani kwenu, hamjambo.

Mazungumzo ya kilimo cha nyumbani kisichotumia kemikali huanza karibu kila mara na dawa za wadudu na mbegu za kienyeji, na mambo hayo yana uzito wake, lakini kwetu Goma swali la kwanza ni lingine kabisa. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika mitaa mizima, ambayo leo imejengwa upya juu ya jiwe hilohilo. Katika parseli nyingi jembe hugonga mwamba kabla mkulima hajainama vizuri. Watu husema kwa haki kwamba ardhi ya volkano ina neema, kwani lava ya mlima wetu ina potasiamu na madini mengine mengi. Ila neema hiyo hupatikana baada ya jiwe kuoza, na jiwe halina haraka.

Ningependa basi kila mmoja aeleze udongo anaolimia ulitoka wapi, na anaulishaje bila mbolea ya dukani. Andikeni mlichofanya au mlichokiona kwa jirani. Naanza mimi.

Mawe yaliyobaki tulipokuwa tukisawazisha uwanja niliyapanga kuwa kuta fupi zinazofika gotini, bila saruji. Ndani yake nilitandika kwanza mabua ya mahindi na vipande vya magogo ya migomba, kwa sababu lava imejaa nyufa na maji yote unayomwagilia hupotelea humo. Ndiyo maana mji wetu, pamoja na mvua yote tunayoipata, hauna mto. Vipande vya mgomba hushika unyevu na kuuzuia udongo usiteremke kwenye nyufa kabla mizizi haijaukamata. Juu yake niliweka udongo wa kununua, ule unaoletwa ndani ya magunia na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma.

Hapo nina neno. Udongo unaouzwa kwa gunia umechimbwa kwenye shamba la mtu, na shamba hilo halitaupata tena. Sioni jinsi bustani inavyoweza kuitwa rafiki wa mazingira ikiwa kila msimu inadai magunia mapya. Nilinunua mara moja, na tangu hapo matuta yanajazwa kwa mboji peke yake. Rundo langu lina upana na kimo cha mita 1 hivi, kwa kuwa likiwa dogo zaidi halipati joto. Maganda ya ndizi na ya viazi, majani mabichi na kinyesi cha kuku ndivyo vinavyoleta nitrojeni. Mabua, majani makavu na takataka za randa za seremala ndizo zinazoleta kaboni, na vile vikavu ni lazima viwe vingi zaidi. Sina kipimajoto. Nimechomeka kipande cha nondo katikati ya rundo, na asubuhi nakichomoa na kukishika: kikinichoma mkono, kazi inaendelea, na joto la nyuzi 55 hadi 65 linaua mbegu za magugu; kikiwa vuguvugu, napindua rundo na kulinyunyizia maji. Mboji ikikomaa, rundo limeshuka hadi nusu au chini ya nusu, jambo linalowakatisha tamaa wanaoanza. Karibuni.

Mama wa Majengo, Goma

Asante sana, Papa wa Himbi. Wewe una parseli. Mimi ni mpangaji, na uwanja ni wa mwenye nyumba. Nalima kwenye magunia yaliyosimama ukutani, na nikihama ninahama nayo, angalau yale ambayo vijana wawili wanaweza kuyabeba.

Kwa wasioijua kazi hii, nitaieleza jinsi ninavyoifanya. Chukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililotolewa vitako vyote viwili, ulisimamishe katikati ya gunia, kisha ulijaze kokoto za lava, zile nyepesi zenye matundu. Jaza udongo uliochanganywa na mboji kuzunguka kopo hilo hadi ufike ukingo wake wa juu, halafu livute polepole likiacha kokoto mahali pake, ulijaze tena, na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Mwishowe unapata nguzo ya mawe katikati, na maji unayoyamimina juu hushuka kupitia nguzo hiyo na kuufikia udongo wa chini, ambao bila hivyo ungebaki mkavu kama unga. Pembeni natoboa matundu kwa kisu, madogo, ya kupitisha mche mmoja, nayapishanisha ili tundu moja lisiwe juu ya jingine, na ndani yake napanda lengalenga (mchicha) na seleri. Juu ya gunia naweka nyanya au kabichi moja. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanaishia huko. Njia ya Sake inapofungwa na bei ya mboga kupanda sokoni, magunia haya ndiyo yanayotuokoa mchana.

Kuhusu udongo, sikununua. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mweusi hushuka na kujaa kwenye mtaro wa barabara yetu, na siku ya salongo, yaani ya usafi wa pamoja wa mtaa, tunauzoa na kuurundika kando. Nilijaza magunia yangu kutoka kwenye rundo hilo, nikachanganya na mboji kiasi cha theluthi. Ni mweusi, ni laini, na ni wa bure.

Mkaazi wa Keshero, Goma

Mimi niongeze habari ya maji, kwa sababu udongo mzuri huharibiwa na maji yasiyofaa. Sisi wa karibu na ziwa tunamwagilia kwa bidoni za maji ya Kivu, na maji hayo yana magadi kiasi, kipimo chake cha pH kikiwa karibu 9. Kwa jirani yangu nimeona matokeo yake pale alipoongeza na majivu ya makala (makaa) kila wiki akidhani anarutubisha. Majivu yana potasiamu kweli, lakini nayo huongeza magadi, na mmea hauwezi tena kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa udongoni. Majani machanga ya maharagwe yake yalikuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani iliyochorwa. Alipoacha majivu, akaongeza mboji na kutumia maji ya mvua, majani yaliyofuata yalitoka ya kawaida.

Maji ya mvua nayo yana masharti yake. Moshi wa Nyiragongo una gesi za salfa na floridi, na unapoelekea upande wetu mvua hunyesha ikiwa na asidi na kuacha madoa ya kahawia kwenye majani. Bati likiwa limekaa muda bila mvua, mimi huyaacha maji ya kwanza yamwagike, na ndipo ninapoweka pipa. Majivu naendelea kuyatumia, lakini makavu, kwa kuzungushia miche ili konokono wasiipande.

Mstaafu wa Katuba, Lubumbashi

Nimesoma habari ya Mama wa Majengo, na ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu huku kwetu udongo haukosekani. Tunao mwekundu, mzito, unaochimbika bila shida mvua zinapoanza mwezi wa 11. Tatizo letu ni kilichomo ndani yake.

Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu 1911. Bomba la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya madini ndizo alama ambazo mgeni yeyote huonyeshwa. Kwa miongo mingi moshi ule ulibebwa na upepo unaovuma zaidi kutoka kusini-mashariki, ukaangusha vumbi la shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiamu juu ya mitaa iliyoko upande wa kaskazini-magharibi. Kule Penga Penga kuna mahali ambapo miti ilikufa na mvua ikakomba udongo wa juu, pakabaki nyasi fupi zinazovumilia shaba. Kuna pia mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, ambao wanajiolojia waliutumia kama alama ya kutafuta madini. Ukiuona umestawi wenyewe kwenye parseli yako, usipande mchicha hapo.

Jambo ninalotaka wenzangu walishike ni kwamba mboji haiozeshi kadimiamu. Unaweza kulima bila tone la kemikali na mboga yako ikabeba metali nzito kwa sababu zimo udongoni, na haziondoki kwa kuoza wala kwa kuchemshwa. Mboga za majani, yaani lengalenga, matembele na kabichi ya Kichina, ndizo zinazokusanya zaidi. Maharagwe na nyanya hukusanya kidogo kwa sababu tunakula tunda na si jani. Sehemu nyingine ya metali ni vumbi lililokaa juu ya jani, na hiyo huondoka kwa kuosha kwa maji mengi. Udongo wenye asidi huziachia metali nyingi ziingie kwenye mizizi, kwa hiyo chokaa na mboji hupunguza hatari, ingawa haziifuti.

Kwa upande wangu, nilijenga matuta yaliyoinuliwa kwa matofali, nikayajaza udongo wa kichuguu uliotoka nje kabisa ya mji. Vichuguu vya Katanga vinajulikana kwa ukubwa, vingine vikipita mita 5 kwa kimo, na mchwa hupandisha humo udongo mfinyanzi wa chini wenye kalisi nyingi, hivyo asidi yake ni ndogo kuliko ile ya ardhi inayokizunguka. Wazee wetu walipanda mahindi juu ya vichuguu vilivyosambazwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutuletea chokaa kwenye mifuko. Udongo huo peke yake ni mgumu sana ukikauka. Mimi huuponda, nauchanganya na mboji nusu kwa nusu, na kuufunika kwa majani makavu wakati wote wa kiangazi, tangu mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9. Na ninakubaliana na Papa wa Himbi kwamba kuhamisha udongo si jambo la kujivunia, lakini kwa anayeishi chini ya upepo ule sijaona njia nyingine.

Sasa Mama yangu wa Majengo, niambie, huo mtaro wa barabara yenu unapita mbele ya nini?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Kwetu udongo upo na si wa sumu, ila hautulii. Tunaishi mteremkoni, na mvua moja ya mwezi wa 4 inaweza kupeleka tuta zima kwa jirani wa chini, ambaye kwa bahati mbaya hatumii neno la shukrani.

Dawa niliyoipata ni kulima kwa kufuata mistari ya usawa. Nilifunga miti miwili ya mita 2 kwa umbo la herufi A, nikatundika jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikipita alama ya katikati ya mti wa kulala, miguu yote miwili iko katika usawa mmoja, na unaweka kigingi. Kwenye mistari hiyo nilipanda alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano unaoota kila kingo ya barabara za Kivu. Mizizi inashika udongo, na majani yake ni mbolea kamili: yakikauka yana nitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4. Nayakata kabla ya maua kufunguka, nayafukia kwenye tuta, au nayaloweka kwenye pipa lenye kifuniko na kuyazimua kabla ya kumwagilia. Harufu yake itakugombanisha na watu. Weka pipa mbali na dirisha. Kinyesi cha dende (simbilisi) ninaowafuga jikoni kinamaliza kazi, na dende wenyewe wanakula magugu.

Kwa vidukari natumia majani ya utupa yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Tafadhali mkumbuke kwamba huo ndio mmea uliotumika kulevya samaki: usisafishie chombo chake ziwani wala kwenye kijito, na mimina mabaki mahali pakavu. Kitu kutokana na mmea kinaweza kuwa sumu vilevile.

Mama wa Majengo, Goma

Mzee wa Katuba, swali lako limenifanya nitoke nje nikaangalie vizuri. Mtaro wetu unaanzia juu, kwenye nyumba za watu, lakini katikati ya njia unapita mbele ya mafundi wa pikipiki, na mafuta machafu wanayamwaga palepale. Betri mbovu pia nimeziona. Udongo wangu tuliuzoa chini yao. Nifanyeje na lengalenga iliyomo sasa?

Mstaafu wa Katuba, Lubumbashi

Dada yangu, mimi nisingeila, na hasa nisingewapa watoto, kwa sababu betri za pikipiki zina risasi. Magunia hayo yapandie maua, na udongo wake usiuchanganye tena na mboji yako. Mboji iliyobaki anzishia gunia jipya, na udongo uuzoe juu ya mafundi, kabla mtaro haujawafikia. Mkisafisha mtaro siku ya salongo, zungumzeni na vijana hao wawe na pipa la mafuta machafu. Wakikubali, hata udongo wa chini utaanza kupata nafuu, ingawa wa kula si huo.

Mwanzisha mada, Himbi, Goma

Mama, nina magunia mawili ya mboji iliyokomaa. Yafuate Jumamosi, au nitume chukudu.