Mimea ya Maono katika Ibada: Je, Sheria Iruhusu, na Imruhusu Nani?

Mtoa hoja

Ninaleta hoja moja: mtu anayekunywa au kula mmea wenye kuleta maono ndani ya ibada ya jumuiya yake, chini ya uangalizi wa wazee wanaoujua mmea huo, asishtakiwe kama mlanguzi au mtumiaji wa dawa za kulevya. Nina maana ya ayahuaska, kinywaji kinachopikwa kwa mimea ya Amazon; peyote, kakati mdogo wa kaskazini mwa Mexico na kusini mwa Texas; iboga, kichaka cha Gabon; na uyoga wa Wamazateki, watu wa asili wa Oaxaca nchini Mexico. Matumizi ya starehe ni suala jingine, na sidai kwamba mimea hii haina hatari.

Wengi hudhani kwamba sheria ya kimataifa ilikwisha kulifunga jambo hili. Haikulifunga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili uliziweka DMT, meskalini na silosibini, yaani kemikali zinazoleta maono katika ayahuaska, peyote na uyoga huo, katika Jedwali la Kwanza, ambalo ndilo lenye udhibiti mkali kuliko yote, lakini ulitaja kemikali, haukutaja mimea yenye kemikali hizo. Bodi ya kimataifa inayosimamia udhibiti wa mihadarati ilieleza wazi katika taarifa yake ya 2010 kwamba mimea hiyo, na hata vinywaji vinavyopikwa kutokana nayo, haimo chini ya udhibiti wa mkataba huo, ingawa ilizishauri serikali zifikirie kuidhibiti ndani ya nchi zao. Zaidi ya hayo, kifungu cha 32 kiliziruhusu nchi ambako mimea hii huota porini kujiondoa katika baadhi ya masharti kwa ajili ya makundi madogo, yanayojulikana bayana, ambayo tangu jadi huitumia katika ibada. Marekani, Kanada na Mexico zilifanya hivyo kuhusu peyote, na Peru kuhusu ayahuaska. Kwa hiyo serikali inayosema kwamba mikono yake imefungwa na mkataba haijausoma mkataba wenyewe.

Nchi iliyolishughulikia jambo hili kwa busara zaidi, kwa maoni yangu, ni Brazil. Huko kuna madhehebu yaliyoifanya ayahuaska kuwa kiini cha ibada: Santo Daime, iliyoanzishwa na Raimundo Irineu Serra katika jimbo la Acre mwaka 1930, na União do Vegetal, iliyoanzishwa na José Gabriel da Costa mwaka 1961. Mwaka 1985 mamlaka za afya ziliuingiza mmoja wa mimea inayopikiwa kinywaji hicho katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku. Baraza la taifa la mihadarati halikuishia kusoma majalada ofisini. Liliunda kikundi kazi kilichokwenda kuzitembelea jumuiya zenyewe, kikaona watu wanavyoishi, wanavyofanya kazi na wanavyolea watoto wao, na katazo likaondolewa. Hatimaye azimio la mwaka 2010 likaweka masharti ambayo mpaka leo nayaona kuwa kielelezo: kinywaji kisiuzwe kwa faida, kisitangazwe, kisichanganywe na dawa haramu, kisigeuzwe kivutio cha utalii, kila mgeni ahojiwe kabla ya kukinywa kwa mara ya kwanza, na jumuiya zijitahidi kupanda mimea yao zenyewe badala ya kuukata msitu.

Marekani ilifika karibu na hapo kwa njia ya maumivu. Wafanyakazi wawili wa kituo cha kuwasaidia waraibu huko Oregon, Alfred Smith na Galen Black, walifukuzwa kazi kwa sababu walikula peyote katika ibada ya Native American Church, dhehebu la Wamarekani wa asili, kisha wakanyimwa malipo ya wasio na kazi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya jumla, isiyolenga dini yoyote, haivunji uhuru wa dini hata ikiizuia ibada ya mtu. Uamuzi huo uliwashtua Wakristo, Wayahudi na Waislamu kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba kesho zamu ingeweza kuwa yake. Bunge likapitisha sheria ya kurejesha uhuru wa dini mwaka 1993, na mwaka uliofuata likalinda waziwazi matumizi ya peyote katika ibada za makabila ya asili. Mwaka 2006 Mahakama hiyohiyo, bila jaji hata mmoja kupinga, ililikubalia tawi la União do Vegetal lililokuwa New Mexico liendelee kutumia ayahuaska, baada ya serikali kushindwa kuonyesha sababu nzito ya kuwazuia waumini wale.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na ninakubali kwamba mkataba unaacha nafasi. Ninachokataa ni kwamba nafasi hiyo ijazwe kwa kuwatenga watu katika makundi mawili, wenye dini na wasio na dini, au wa kabila hili na wa kabila lile. Sheria ya Marekani ya 1994 uliyoitaja inamlinda mtu wa kabila linalotambuliwa na serikali kuu. Jirani yake, ambaye pengine ameishi na jumuiya hiyo tangu utotoni, hana kinga hiyo. Je, huo ni usawa mbele ya sheria?

Ugumu wa pili ni wa ushahidi. Ukisema ibada inaruhusiwa, itabidi hakimu apime imani ya mtu, na hakuna mizani ya kazi hiyo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliukabili mtihani wa namna hii mwaka 2002, Gareth Prince, Mrastafari aliyetaka kuwa wakili, alipoomba waumini wenzake waruhusiwe kutumia bangi kidini. Bangi si sawa na mimea tunayoijadili, lakini swali la kisheria lilikuwa lilelile, na majaji watano dhidi ya wanne walikataa, kwa sababu waliona polisi hawataweza kuitenganisha bangi ya ibada na ya biashara.

Kisha kuna afya, ambayo hoja yako imeipita upesi mno. Ayahuaska hupikwa kwa mtambaa na majani: majani yana DMT, ambayo ikinywewa peke yake huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya mwili kabla haijafika kwenye ubongo, na mtambaa una alkaloidi zinazovizuia vimeng'enya hivyo. Nguvu hiyohiyo ya mtambaa ndiyo inayokifanya kinywaji kuwa cha hatari kwa mtu anayetumia dawa za sonona, kwa sababu serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda mwilini hadi kiwango cha kuua. Ibogaini iliyomo katika iboga huvuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa kwayo. Uholanzi iliwahi kuwaachia waumini wa Santo Daime kwa msingi wa uhuru wa dini, mahakama ya Amsterdam ilipoamua hivyo mwaka 2001, lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakubali kwamba katazo ni halali kwa ajili ya kulinda afya ya umma. Sioni aibu yoyote katika kubadilika huko.

Mchangiaji wa pili

Ningependa kuongeza sauti ambayo husahaulika, ya wenyeji wenyewe, kwani si wote wanaofurahia milango kufunguliwa. Peyote huota polepole mno. Porini yaweza kupita miaka kumi au zaidi kabla haijafaa kuvunwa, na eneo inakoota linazidi kusongwa na mashamba, malisho na wavunaji haramu. Baadhi ya miji ya Marekani ilipoanza kulegeza sheria kuhusu mimea hii, kama Oakland mwaka 2019, viongozi wa Native American Church waliomba peyote isitiwe ndani ya mpango huo. Wapiga kura wa jimbo la Colorado walipoidhinisha sheria yao mwaka 2022, meskalini itokayo kwenye peyote iliachwa nje.

Tukumbuke pia yaliyompata María Sabina, mganga wa Kimazateki wa Huautla de Jiménez. Alimkaribisha R. Gordon Wasson, Mmarekani aliyekuwa akichunguza uyoga, katika ibada ya usiku mwaka 1955, habari zikatoka katika jarida la Life mwaka 1957, na wageni wakafurika kijijini wakitafuta uyoga. Polisi nao wakafuata, na nyumba ya mama huyo ikachomwa moto. Hakuna sheria iliyomlinda, si ya kukataza wala ya kuruhusu.

Mtoa hoja

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu mchangiaji wa kwanza, juu ya afya umesema kweli, na ndiyo sababu ninatetea ruhusa yenye masharti. Lakini tazama hatari ulizozitaja zinakingwaje. Anayetumia dawa za sonona anajulikana kwa kuulizwa kabla ya ibada, na mwenye moyo dhaifu anajulikana kwa kupimwa. Maswali hayo huulizwa mahali ambapo kiongozi wa ibada hajifichi, anajulikana kwa jina na anaweza kuwajibishwa mgonjwa akidhurika. Katazo la moja kwa moja halijaizuia ayahuaska kusambaa duniani. Linachofanya ni kuuhamishia mkusanyiko nyumba ya pembeni, mikononi mwa mtu asiyejulikana na jumuiya yoyote, mahali ambapo mtu akizidiwa wenzake huogopa kumpeleka hospitali. Wanawake waliodhalilishwa na watu wanaojiita waganga katika mikusanyiko ya aina hiyo nao wanashindwa kushtaki, kwa kuwa kushtaki ni kukiri kosa. Hili linaniumiza kuliko mengine yote katika mjadala huu.

Kuhusu Afrika Kusini, kisa hicho hakikuishia 2002. Mwaka 2018 Mahakama hiyohiyo, Prince akiwa tena miongoni mwa walioianzisha kesi, iliondoa kosa la mtu mzima kutumia bangi faraghani, na msingi wake ulikuwa haki ya faragha, si dini. Wapo wanaosema njia hiyo yatosha hata kwa mimea ya maono, maana inaondoa kazi ya kupima imani. Mimi naona haitoshi. Faragha inamlinda mtu nyumbani kwake, ilhali ibada ni ya watu wengi, ina mpishi wa kinywaji, ina msimamizi, ina vijana wanaofundishwa. Sheria ya faragha ingemkinga anayekunywa peke yake bila uangalizi, na ingemwacha hatarini yule mzee anayewaangalia wengine, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha usalama unaoutaka. Wala hakimu hahitaji kupima imani moyoni mwa mtu; anaweza kupima matendo, yaani kama kuna malipo, kama kuna tangazo, kama wageni wanahojiwa, kama kuna kumbukumbu za mmea ulikotoka. Masharti ya Brazil yanaangalia matendo ya namna hiyo.

Ndugu mchangiaji wa pili, hoja yako imenifanya niitengeneze yangu upya katika sehemu moja. Nilizungumza kana kwamba ruhusa moja inaifaa mimea yote, na sivyo. Ayahuaska hupandwa, na uyoga hukuzwa kwa urahisi, kwa hiyo jumuiya mpya yenye uangalizi mzuri haimnyang'anyi mtu kitu. Iboga ni jambo la katikati: Gabon iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na ni haki kwamba anayeitaka nje ya nchi hiyo apate idhini ya Gabon kwanza, na wanajumuiya wa Bwiti, dini ya huko inayotumia iboga, wanufaike. Peyote ya porini, hata hivyo, ibaki kwa watu walioitunza na kuadhibiwa kwa ajili yake, wakiwemo Wawixárika, watu wa asili wa Mexico, wanaoifuata kwa hija mpaka nyika za San Luis Potosí. Huyo jirani wa mchangiaji wa kwanza, asiye wa kabila, haachwi mikono mitupu, kwa sababu kakati wa San Pedro wa milima ya Andes una meskalini hiyohiyo, hukua haraka zaidi, na unaweza kupandwa bustanini na jumuiya yoyote inayokubali kufuata masharti.