Shindano la mtandaoni limechukua taarifa za binti yangu wa miaka 14: sheria inasemaje?

Mama Zawadi (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Wakati wa likizo binti yangu, mwenye umri wa miaka 14, alijaza fomu ya shindano la mtandaoni lililoahidi kumpa mshindi tabuleti. Nilipoifungua fomu hiyo baadaye, nilikuta imemuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule na gredi, nambari yangu ya simu, pesa za matumizi anazopewa kwa wiki, vinywaji anavyovipenda, na nambari za marafiki watano "ili kuongeza nafasi ya kushinda". Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki, kikisema kwamba mshiriki amekubali taarifa zake zitumiwe na "washirika wa kibiashara". Aliandika mwaka wake halisi wa kuzaliwa na fomu ikampitisha bila swali lolote. Tangu hapo napokea jumbe za matangazo asubuhi na jioni, naye kila akishika simu anaonyeshwa viatu, vipodozi na vitabu vya marudio vya gredi yake. Je, kampuni ina ruhusa ya kumhoji mtoto namna hii ili imuuzie bidhaa? Kama haina, nianzie wapi? Kinachoniuma zaidi ni wale marafiki watano, ambao wazazi wao hawana habari yoyote.

Wakili wa Pwani

Pole sana, Mama Zawadi. Kwa jinsi ulivyoeleza, kampuni hiyo haina ruhusa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwapo, kazi yenyewe lazima ilinde haki na maslahi ya mtoto. Mtoto hapa Kenya ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kile kisanduku nacho hakina uzito, kwa sababu idhini inayotambuliwa na sheria ni ile ambayo mtu ameitoa waziwazi kwa kauli au kwa tendo lake mwenyewe, na tiki iliyowekwa na kampuni si tendo la binti yako. Kifungu cha 37 kinagusa hasa matumizi ya data kwa biashara, nacho kinataka idhini ya wazi.

Anza kwa kuiandikia kampuni ukiitaka ieleze ina taarifa gani, imempa nani, na izifute zote. Hifadhi picha za skrini za fomu pamoja na zile jumbe. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kwa mujibu wa sheria inapaswa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Usidhani ofisi hiyo ni ya jina tu: mwaka 2023 iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wazazi wa wale marafiki watano wana haki ya kulalamika wao wenyewe, maana sheria inataka data ichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Kazi ya Matangazo

Nimefanya kazi ya matangazo ya mtandaoni kwa miaka kadhaa, na ningependa mzazi ajue kwamba yaliyoandikwa kwenye fomu ni sehemu ndogo tu ya kinachokusanywa. Ukurasa kama huo kwa kawaida huwa na kipande cha msimbo kisichoonekana ambacho huuarifu mtandao wa matangazo kwamba simu fulani imefika hapo. Simu ya Android ina namba yake ya utambulisho wa matangazo, na programu nyingi huisoma, kwa hiyo anachokitazama mtoto kwenye mchezo wa simu huweza kuunganishwa na alichokitafuta kwingine. Fomu ndiyo inayokuja kuipa namba hiyo jina, shule na kipato. Baada ya hapo orodha ya nambari za simu hupakiwa kwenye mtandao wa kijamii, ambao hutafuta akaunti zinazolingana nazo, kisha huongeza watu wengine wenye tabia zinazofanana. Ndiyo maana matangazo yanamfuata hata akiwa kwenye programu nyingine.

Leo hii ingia kwenye mipangilio ya simu yake, sehemu ya faragha, kisha matangazo, ufute utambulisho huo. Hatua hiyo haifuti kilichokwisha kuchukuliwa, lakini inakata uzi kuanzia sasa.

Mwalimu (Morogoro)

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata hivyo, sikubali kwamba idhini ya mzazi inatosha. Mzazi anayepewa kurasa kumi za masharti kwa lugha ya kisheria atatia sahihi ili mtoto aache kumsumbua, na kampuni inalijua hilo vizuri. Marekani walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998, lakini inamlinda mtoto aliye chini ya miaka 13 tu, na kijana wa 14 ameachwa nje. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, kwa kuyakataza majukwaa kumwonyesha mtoto matangazo yanayotokana na wasifu wake, mzazi akubali asikubali. Huko ndiko sheria zetu zinakopaswa kuelekea.

Mama Zawadi (Nakuru)

Ahsanteni nyote, barua kwa kampuni nimeshaiandika. Wakili, mmoja wa wale marafiki alitumiwa kiungo akaijaza fomu mwenyewe, na aliandika kwamba ana miaka 19. Je, mama yake amepoteza haki?

Wakili wa Pwani

Hajapoteza. Kifungu kilekile cha 33 kinamtaka mwenye kukusanya data aweke utaratibu wa kuhakiki umri, na kumwachia mtoto aandike mwaka wowote si uhakiki. Tena fomu hiyo iliuliza gredi. Kama mtoto aliandika kwamba yuko gredi ya 8, kampuni ilikuwa na jibu mbele ya macho yake. Mama huyo aiambatishe picha ya ukurasa huo kwenye malalamiko yake.