Adui, mchumba wa zamani au ndoa ya kujisingizia: mgeuko gani unakukesha?

Nyakwar_Dunga, Kisumu

Wenzangu, naleta kesi mbele yenu. Hapa Kisumu tuko wanawake sita wenye chama cha vitabu. Kila mwezi kila mtu anatoa mia moja, tunanunua riwaya za mapenzi za mitumba, tunazisoma kwa zamu, na Jumapili ya mwisho tunakutana Dunga kula samaki wetu, ngege, na kubishana. Jumapili iliyopita ngege alipoa mezani.

Kitabu kilikuwa cha binti aliyempenda fundi wa mashua. Maskini wa kutupwa, shati moja, mkate wanagawana. Binti anakosana na wazazi, anamwacha mchumba mwenye gari, anahamia chumba cha mabati. Zikiwa zimebaki kurasa kama ishirini, tunaambiwa fundi ndiye mwenye kampuni nzima ya meli, alijificha ili apendwe yeye na si mali yake. Wanne walipiga vigelegele. Mimi na mwenzangu mmoja tulinuna. Yule binti alikuwa ameshachagua chumba cha mabati! Ndilo jambo pekee kubwa alilolifanya kitabu kizima, na mwandishi akamnyang'anya kwa kumpa jumba.

Sasa cha mwezi ujao tunakipigia kura kwa aina, si kwa jalada. Zimebaki tatu. Kuna adui anayegeuka mpenzi. Kuna mchumba wa zamani anayerudi baada ya miaka. Halafu kuna ndoa ya kujisingizia: wawili wanakubaliana kudanganya watu kwamba ni mke na mume, labda kwa ajili ya urithi, kisha uongo unawazidi nguvu. Hii ya tatu naielewa, maana niliwahi kumwomba mfanyakazi mwenzangu anisindikize harusi ya ukoo ili shangazi zangu wanyamaze. Hatukupendana. Alikula sana, basi.

Tajiri aliyejificha nimemfuta mimi mwenyewe, msiniulize. Semeni.

Kerubo_58, Nakuru

Adui. Sina haja ya kufikiri.

Lakini awe adui kweli, mwenye sababu. Siku hizi nasoma kitabu, "uadui" wenyewe ni kwamba jamaa alimmwagia dada kahawa. Huo ni uadui? Mimi nataka familia mbili zinazogombania shamba, au huyu ndiye aliyemfuta kazi yule, na wote wawili wawe na haki kidogo. Halafu yule mwanamume awe mkavu wa maneno. Asiwe mkali, awe mkavu. Sura mia haongei, kumbe anakumbuka kwamba dada hali kitunguu.

Na niwaambie aibu yangu mapema: mimi husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Nikishaona wako pamoja ndipo naanza mwanzo kwa raha zangu.

Zamu_ya_Usiku, Kisumu

Mimi ndiye yule aliyenuna pamoja na Nyakwar. Nasoma saa za kati ya kupima presha ya kitanda cha kwanza na cha mwisho.

Naongeza mgeuko ambao haupo kwenye kura yenu na naomba usiwahi kuingia: kupoteza kumbukumbu. Dada anagongwa na gari, anazinduka hamjui mumewe, hajui jina lake mwenyewe, ila anajua kupika, kuendesha gari na kupaka wanja. Mtu akiumia kichwa, mara nyingi kinachopotea ni yale ya karibu na ajali yenyewe, dakika au siku kabla na baada, na anaweza kuuliza swali lilelile kila baada ya muda mfupi. Kusahau wewe ni nani huku mengine yote yakibaki sawasawa ni nadra mno. Na kumbukumbu hairudi kwa kupigwa mara ya pili na mlango!

Daktari mrembo anayempenda mgonjwa wake wodini pia mniondolee. Huyo hapendi, huyo anatafuta kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kerubo_58

Dada umeniharibia vitabu vitatu kwa pigo moja.

Muuza_Vitabu, Kisumu mjini

Mimi nauza vya mitumba kando ya barabara, miaka mingi sasa, kwa hiyo nitasema ninachokiona kwa macho, fasihi nawaachia wenyewe.

Hivi vyembamba vya Mills & Boon ndivyo vinavyonilisha. Hiyo kampuni ilianza London mwaka 1908, na mwanzoni ilichapisha kila kitu, hata vitabu vya safari na vya shule. Mapenzi yakaimeza baadaye, miaka ya 1930. Wateja wangu hawajui jina la mwandishi hata mmoja, wananiambia aina: "Nipe wa bosi." "Nipe wa daktari." "Yule wa Mgiriki tajiri hujapata?" Na wanaume hununua pia, ila huniambia ni cha mke.

Kwangu mtu akirudisha viwili namwongezea kimoja kwa pesa kidogo. Hapo ndipo ninapojua ukweli. Vya kupoteza kumbukumbu vinarudi ndani ya siku mbili, visafi, hata havijakunjwa. Vya mtoto wa siri vinarudi pia, ingawa vimechoka. Vya mchumba wa zamani haviji tena. Kikienda kimeenda. Nikimuuliza mteja, ananiambia amempa dadake.

Halafu kitabu kina tabia moja: ukikiweka juu ya meza kikiwa kimechoka, kinafunguka chenyewe pale kiliposomwa zaidi. Mtu angedhani ni kwenye busu. Mara nyingi si hapo. Ni kurasa mbili tatu kabla, wakati wamegombana na mmoja ameshika kitasa cha mlango hajatoka.

Bin_Mumias, Mumias

Salaam aleikum jamaani. Muuza vitabu kasema kweli lakini mimi siungi mkono mchumba wa zamani. Waliotutangulia walisema la kuvunda halina ubani. Mtu alikuacha stendi na sanduku, miaka kumi baadaye anarudi na mvi mbili za kupendeza, unampokea kwa sababu gani? Kwenye vitabu jibu ni lilelile: ilikuwa barua iliyofichwa na mama mkwe. Barua moja! Hakuna aliyefikiri kwenda kuuliza mlangoni?

Na kwa mgeuko wa kweli, njooni mazishini huku kwetu. Mwili umeshafika, mjane amekaa kwenye kiti chake, anayesoma maisha ya marehemu ametaja watoto wanne. Mara gari linasimama nje, anashuka mama mwingine na watoto watatu wenye pua ya marehemu ileile. Watu wote wanatazama chini kana kwamba wamedondosha sindano. Mwandishi gani atanishinda hapo?

Mwl_Lurambi, Kakamega

Bin_Mumias, umeshindwa tangu 1847. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, bibi harusi amesimama kanisani kabisa, kasisi anauliza kama kuna kizuizi, na wakili anajitokeza kusema bwana harusi ana mke, yu hai, amefungiwa ghorofa ya juu ya nyumba ileile aliyokuwa akiishi binti. Gari lako la mazishi halijafika hapo.

Ila tazameni ujanja wake. Kicheko cha yule mke tumeshakisikia mapema sana, tulipoambiwa ni cha mtumishi fulani. Sura kumi na kitu tunapita chini ya dari hiyo. Ndiyo sababu mgeuko ule haukasirishi. Fundi wa mashua wa Nyakwar anakasirisha kwa sababu, naamini, hakuna ukurasa hata mmoja uliotuonyesha anahesabu pesa vibaya, au anashika kikombe kama mtu aliyezoea vikombe vingine. Nawaambia wanafunzi wangu kila muhula: sadfa ikianzisha hadithi tunasamehe, watu hukutana ovyo duniani. Sadfa ikimaliza hadithi, mwandishi amechoka.

Kuhusu adui, mfano mkubwa ni Elizabeth na Darcy katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813. Watu hukumbuka harusi. Mimi nakumbuka sura ya 34 kati ya 61: Darcy anaposa, anaposa vibaya, kwa kuhesabu aibu ya ukoo wa mwanamke, na anakataliwa waziwazi. Katikati ya kitabu! Kesho yake anampa barua, na kuanzia hapo Elizabeth anarudi nyuma kichwani kusoma upya kila alichokwisha kukiona. Hakuna mali iliyofichuka, hakuna pacha. Kilichogeuka ni macho yake. Kerubo, wewe unayeanza na ukurasa wa mwisho hujapoteza kitu, kwa sababu katika aina hii ya riwaya sote tunajua watafika salama. Ndiyo sharti lake. Wasipofika, wasomaji huiita kwa jina jingine. Kwa hiyo swali la "je, watapendana?" limejibiwa dukani. Linalobaki ni nani atakubali kwanza kwamba alikosea, na itamgharimu nini.

Kerubo_58

Mwalimu asante, nitamwonyesha mume wangu hii.

Omera_Ahero, Ahero

Mnataja Uingereza na jiwe liko hapa karibu na mto Nyando.

Luanda Magere, jamani, shujaa wa hadithi za Waluo. Mkuki ulikuwa haumwingii, mwili wake jiwe. Maadui wake Walang'o, yaani Wanandi, wakaona vita haviwezekani, wakamtumia binti mrembo awe mke. Wazee wa Magere walimwonya, akakataa kusikia. Siku moja akaugua, mke mkubwa hayupo, akamwomba yule mgeni amchanje ampake dawa. Wembe ukagoma. Ndipo akamwambia, chanja kivuli changu. Kivuli kikatoa damu. Usiku huo huo binti akatoroka kwenda kwao na siri, na katika vita vilivyofuata wakachoma kivuli. Akaanguka, akawa jiwe, na wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake.

Huo ni mgeuko wa adui, lakini umepinduliwa: anaanza mke, anaishia adui. Nilihadithiwa na nyanya nikiwa mdogo na nilimchukia huyo mwanamke. Sasa nina miaka arobaini na kitu najiuliza jambo jingine. Alikaa naye muda. Alimpikia. Alipoona damu kwenye kivuli, usiku ule njiani, alikuwa anakimbia kwa furaha? Hakuna aliyenisimulia. Mtu akiandika riwaya ya usiku huo mmoja, nitainunua mpya, si ya mitumba.

Zamu_ya_Usiku

Omera, umenifanya nikae chini hapa kwenye korido.

Bin_Mumias

Na Nyamgondho je? Alivua mwanamke ziwani kwa wavu, mwanamke akamletea ng'ombe mpaka boma likajaa, siku moja karudi amelewa akamtukana kwamba alimwokota majini. Mwanamke akarudi ziwani na ng'ombe wote nyuma yake. Huyo ndiye tajiri aliyejificha, Nyakwar! Umemfuta kwenye kura na kumbe ni jirani yenu.

Nyakwar_Dunga

Bin_Mumias, hapo umenikamata. Lakini tazama tofauti: Nyamgondho anapata mali mapema, na mali ndiyo inayompima. Fundi wa mashua alipewa mwishoni kama keki. Ukiniandikia kitabu ambacho siri ya utajiri inatoka katikati, binti anakasirika kwa kudanganywa, anarudi chumba chake cha mabati na kumwambia "nilimpenda fundi, wewe sikujui", hicho nakisoma mara mbili.

Na kabla sijahesabu kura, kuna mtu simvumilii tena: yule mrembo mwingine. Kila riwaya anaye. Kucha ndefu, nguo nyekundu, anamtaka mwanamume, ana roho mbaya kuanzia jina lake. Mhusika bapa, kama tulivyofundishwa shuleni. Hana mama, hana deni la kodi, hajawahi kulia. Tumpe hata mdogo anayemlipia karo! Mama mkwe wa vitabuni ni afadhali, huyo angalau ana sababu zake na chai yake ni nzuri.

Kerubo_58

Na rafiki wa yule dada mhusika mkuu, yule mcheshi mnene anayetoa ushauri wa mapenzi ukurasa kwa ukurasa na mwenyewe hapati mtu. Namdai haki yake pia.

Nyakwar_Dunga

Haya. Nimewapigia wenzangu simu leo. Ndoa ya kujisingizia imepata kura moja, ya mtu ambaye kesho anaenda kuonana na wakwe, tumemsamehe. Mchumba wa zamani mbili. Adui tatu, ingawa mmoja alipiga baada ya kumsomea habari za Luanda Magere, akadhani ndicho kitabu chenyewe.

Muuza_Vitabu, una kile cha Elizabeth na Darcy? Tunahitaji hata nakala moja tuizungushe.

Muuza_Vitabu

Ipo moja. Maandishi mazuri, jalada limeshikwa na gundi. Nikuambie ukweli kabla hujaleta bodaboda: karatasi za mwisho zimetoka, kama tano hivi. Kwa hiyo bei ni nusu.

Kerubo_58

Sasa mtu kama mimi ataanzia wapi?