Waandishi wa The Simpsons, mmemharibu Moe: upweke wake mmeugeuza bomba la kufungua na kufunga

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba mods wasiuunganishe uzi huu na ule wa "The Simpsons imechuja". Hoja ya kuchuja ni pana mno, kila mtu ana msimu wake. Hapa namzungumzia mtu mmoja tu, Moe Szyslak, mwenye ile baa ya Springfield, mji wa katuni hii ya Marekani, na kosa moja ambalo waandishi wanalirudia tangu mwaka 2000. Moe hana mtu kwa sababu ni mkali, na ni mkali kwa sababu hana mtu. Hiyo ndiyo injini yake yote. Wao wameikata katikati, wakabakiza nusu ya pili: mzee wa kusikitikiwa, anayepewa mpenzi dakika ya tano na kunyang'anywa dakika ya ishirini.

Tuanze na simu, maana simu ndiyo iliyomzaa. Miaka ya 1970 kulikuwa na baa Jersey City, Marekani, ikiitwa Tube Bar, ya mzee Louis Deutsch, maarufu kwa jina la Red. Vijana walikuwa wakimpigia na kuuliza mteja mwenye jina la ajabu. Mzee analiita kwa sauti baa nzima isikie, akigundua amechezewa anaporomosha matusi na vitisho. Walimrekodi, na kanda zikazunguka mkono kwa mkono. Ukizijua kanda hizo unamjua Moe kabla hajachorwa. Kwenye katuni simu ya kwanza iko katika episodi ya "Homer's Odyssey", tarehe 21 Januari 1990, na inafuata mpangilio uleule.

Mpangilio wenyewe ni huu, na kila hatua ina kazi. Simu inalia, Moe anaacha anachofanya na kupokea. Bart, mtoto mtundu wa familia ya Simpson, anataja jina la ukoo kwanza, halafu la kwanza. Moe anashusha mkonga na kuwageukia wateja. Anaita. Anarudia kuita. Wateja wanacheka. Anabaki kimya kidogo, jina linamwingia kichwani, ndipo anaurudia mkonga na kutoa kitisho kinachotaja kiungo cha mwili na chombo cha kukikatia. Bart na dada yake Lisa wanacheka upande wa pili.

Watu wengi wanadhani kichekesho ni jina. Hapana. Kichekesho ni hatua ya kuita. Mtu anayejulikana mji mzima kwa roho mbaya anatafutiwa mteja na anamtafuta kweli, kwa bidii, bila kushuku, wiki hii kama wiki iliyopita. Ndani ya ile roho mbaya mna mwenye baa anayetaka kumhudumia mtu. Ukitoa hatua hiyo, kinachobaki ni neno la aibu tu.

Kwa wanaoangalia na maandishi ya tafsiri na hawaelewi kwa nini wenzao wanacheka: jina lazima lipite kama jina likisemwa polepole, halafu ligeuke sentensi likipigiwa kelele, na sentensi hiyo imwaibishe anayeita. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Naomba kuongea na bwana Babangu. Jina la kwanza Simjui." Moe anageuka: "Simjui Babangu! Jamani, Simjui Babangu!" Anayeandika tafsiri akiliacha jina la Kiingereza lilivyo, ameua kitu chote. Ni bora atunge jipya.

Sasa angalieni walivyokuwa wakiitumia. Katika "New Kid on the Block" ya tarehe 12 Novemba 1992, jina ni Amanda Huggenkiss, ambalo kwa Kiingereza likitamkwa haraka linasikika kama mwanamume wa kukumbatia na kubusu. Moe anauliza baa nzima kwa nini hampati huyo Amanda, na Barney anamjibu kwamba labda anachagua sana. Sekunde chache hizo zimebeba simu, hasira, upweke na rafiki mlevi anayemchoma bila kukusudia, na hakuna kinanda cha huzuni. Mwaka mmoja kabla, katika "Flaming Moe's" ya tarehe 21 Novemba 1991, walikuwa wameshaugeuza mchezo: Bart anamuulizia Hugh Jass, ambalo kwa Kiingereza linasikika kama makalio makubwa, na kumbe mteja wa jina hilo yupo kweli, anakuja kwenye simu, anaongea kistaarabu, Bart anaishiwa maneno. Hao walikuwa waandishi wanaojua kifaa walichoshika. Leo simu hizo zimebaki za kumbukumbu, zinaletwa mara mojamoja ili mashabiki wa zamani wapige makofi.

Na "Flaming Moe's" ndiyo kipimo changu cha jinsi ya kumwadhibu Moe kihalali. Baa haina bia kwa sababu hajamlipa msambazaji wa Duff. Homer, baba yake Bart na mteja wa kila siku, anamweleza mchanganyiko alioubuni nyumbani: mabaki ya kila chupa iliyokuwemo, dawa ya kikohozi ya watoto, halafu moto. Moe anaibadilisha jina na kuiita yake. Baa inafurika, bendi ya Aerosmith inapiga muziki humo ndani, kampuni inakuja na dola milioni 1. Mhudumu wake, ambaye pia ni mpenzi wake, anamlainisha mpaka anakubali kumgawia Homer nusu. Anapotaka kusaini tu, Homer aliyechanganyikiwa kwa uchungu anapiga kelele kuitaja dawa ya kikohozi mbele ya watu. Dili limekufa. Kesho yake mtaa mzima unauza kinywaji hicho. Tamaa yake ilimponza, na wema wake ulichelewa kwa dakika chache tu! Hakuna bahati mbaya iliyodondoka kutoka mbinguni pale. Kila hasara ina mkono wake.

Nyingine ambayo haisemwi vya kutosha ni "Bart Sells His Soul", tarehe 8 Oktoba 1995. Moe anageuza baa kuwa mgahawa wa familia, anajiita Mjomba Moe, anaahidi kwamba asipotabasamu akileta bili, chakula ni bure. Itazameni ile sehemu ya mwisho taratibu. Amechoka, amezungukwa na watoto, tabasamu limemganda usoni kama plasta. Kasichana kadogo kanamlalamikia kwamba soda ni ya baridi mno, meno yanauma. Moe analipuka, anakamwagia matusi mbele ya wazazi, familia zinaondoka. Biashara imekwisha pale pale kwa sababu ya sentensi ya mtoto kuhusu meno. Hakuna adui, hakuna ajali, kuna hasira iliyofungiwa kwenye vazi la furaha tangu asubuhi. Huyo ndiye Moe.

Walipoanza kuteleza ni "Pygmoelian", tarehe 27 Februari 2000, na nasema hivi nikijua wengi mnaipenda. Mwanzo wake ni mzuri sana: anashinda nafasi ya kuwekwa kwenye kalenda ya bia, kalenda inatoka, uso wake wamebandikia stika. Inauma. Anakwenda kupasuliwa uso, anakuwa mzuri, anapata kazi ya kuigiza kwenye tamthilia ya televisheni. Halafu? Kuta za seti zinamwangukia na uso unarudi ulivyokuwa. Mbaya zaidi, Moe mwenyewe anauliza mbona umerudi uleule, si ungepaswa kuwa uso wa tatu, tofauti? Na episodi inakatwa kabla hajamaliza kusema. Waandishi walijua kabisa hawana jibu. Wakalicheka swali wakaenda zao. Tangu hapo ukuta ule umeangushwa juu ya Moe mara nyingi, kwa sura tofauti.

Linganisheni na "Dumbbell Indemnity", tarehe 1 Machi 1998, miaka miwili tu kabla. Pale pia anapewa mpenzi na kunyang'anywa, lakini hatua zinafuatana. Anampata Renee, muuza maua, kwa sauti ya Helen Hunt. Haamini kwamba anapendwa bure, kwa hiyo anamwaga fedha mpaka kadi inagoma. Anamtuma Homer aibe gari lake na kuliacha kwenye reli ligongwe na treni, alipwe bima. Homer anachelewa, treni inapita, anaamua kulitosa gari majini, na polisi wote wa mji wanashuhudia kwa sababu wako kwenye meli ya hisani, ileile ambayo Moe aliichagua ili aonekane yuko mbali na tukio. Homer anafungwa. Fedha za bima zinapotoka, Moe anazitamani kwa safari ya Hawaii na Renee badala ya dhamana ya rafiki. Anakiri, Renee anamsamehe, halafu palepale anaanza kupanga hila nyingine na Renee anaondoka. Kumbukeni alikuwa ameshasamehewa! Alipewa mlango wazi akajifungia mwenyewe. Hiyo inauma kuliko ukuta wowote wa mbao.

"Moe Baby Blues" ya tarehe 18 Mei 2003 naiheshimu. Maggie, mtoto mchanga wa Homer, anarushwa kutoka kwenye gari la wazazi wake na kudondokea mikononi mwa Moe, naye yuko darajani akiwa amekata tamaa na maisha. Anamlea, anapitiliza, anafukuzwa, kisha anamwokoa kutoka kwa majambazi, na mwisho Homer anamruhusu aendelee kucheza na mtoto. Basi! Waandishi walikuwa wamepata kitu ambacho kingedumu miaka 20: mtu mmoja mjini anayemwona Moe bila kumwogopa, na hajui kuongea. Wangeweza kumweka kwa sekunde 10 tu kila msimu, mtoto kwenye stuli ya kaunta. Hawakujenga chochote cha maana juu yake.

Na hapa nasema kwa uzito. Mzaha wa Moe kutaka kujiua, hasa unaoletwa kila Krismasi, ukome. Mwanzoni ulikuwa na sababu ndani ya hadithi. Sasa umekuwa kama kengele: ikifika Desemba, Moe apitishwe kwa sekunde nne akiwa katika hali ile, tucheke, twende kwa Homer. Hauelezi kitu, hausogezi kitu. Upweke wa mtu huyu ulikuwa na kina. Mmeugeuza pambo la sikukuu.

Mtaniambia kuhusu Maya. Sawa. "Eeny Teeny Maya Moe" ya tarehe 5 Aprili 2009 ilifanywa vizuri, kwa sababu aliyevunja ni Moe mwenyewe kwa mdomo wake: Maya ni mfupi sana, wanapendana, na Moe hawezi kujizuia kutia utani wa kimo mpaka kwenye posa. Halafu ikachukua miaka 12. Maya akarudi kwenye "The Wayz We Were" ya Oktoba 2021, na wakachumbiana. Miaka 12, wakuu! Katikati hapo tulipewa mwaka 2012 episodi nzima ambamo rafiki wa pekee wa Moe ni kitambaa chake cha kufutia kaunta, na kitambaa kinasimulia maisha yake kwa sauti ya Jeremy Irons. Sauti ni nzuri, sibishi. Lakini Maya yuko wapi wakati huo? Huwezi kutuambia mtu hana yeyote ila kitambaa, wakati wewe ndiye uliyemfungia mlango mwanamke aliyempenda.

Simlaumu Hank Azaria, mwenye sauti ya Moe, hata kidogo. Aliichukua nafasi hiyo baada ya Christopher Collins, aliyekuwa amesharekodi, akajenga sauti juu ya ile ya mwigizaji Al Pacino akiikwaruza. Sikilizeni anavyoshuka kutoka ukali hadi unyonge ndani ya sentensi moja bila kubadilisha sauti. Kifaa kipo. Hakipewi kazi.

Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba "ni katuni, kila wiki inaanza upya", nimekusoma. Lakini hata hao wenyewe hawaifuati kanuni hiyo wakitaka. Larry, yule mlevi aliyekaa kaunta ya Moe tangu episodi ya kwanza ya tarehe 17 Desemba 1989, walimuua Aprili 2024 katika "Cremains of the Day", na wenzake wanabeba majivu yake wakigundua hawakumjua. Mteja aliyekaa kimya kwa miaka 34 anaruhusiwa mabadiliko yasiyorudi nyuma, mwenye baa hapana?

Dada aliyeuliza aanzie wapi: anza na "Flaming Moe's", kisha "Bart Sells His Soul", kisha "Dumbbell Indemnity", zote tatu siku moja. Baada ya hapo weka "Pygmoelian" na uangalie dakika mbili za mwisho mara mbili. Ukuta unapoanguka, tazama kama kuna chochote alichofanya Moe kuusukuma.